Vitafunwa vya sikukuu bila kuwasha jiko

Siku ya sikukuu jiko lina wenyewe. Kila kichwa cha gesi kimekaliwa na sufuria, oveni haina nafasi hata ya kikombe, na ukijipenyeza kuomba dakika tano za moto utatazamwa kwa jicho lisilohitaji maneno. Kwetu mwenye jiko ni wifi yangu. Mimi nina meza ya pembeni, ubao wa kukatia, visu viwili na rafu mbili za friji, na kazi yangu ni kuhakikisha wageni wana kitu cha kutafuna tangu wanapovuka mlango mpaka chakula kiive. Naipenda kazi hii kiasi kwamba hata nikiachiwa jiko leo, silitaki.

Watu hudhani vitafunwa visivyopikwa ni kazi ya kupanga tu: kata, panga, peleka. Ndiyo maana vingi vinafika mezani vimeloa, vimenyauka au havina ladha. Moto hutufanyia mambo mawili ambayo hatuyatambui mpaka ukosekane: hukausha na hukoleza. Ukiuondoa, kazi hizo zinabaki kwa chumvi, chujio, kisu na muda. Karibu kila kitafunwa kibichi kinachoharibika kinaharibiwa na maji, yawe ya nyanya yaliyoingia kwenye mkate au ya tango yaliyoyeyusha jibini. Kwa hiyo kabla sijachagua cha kuandaa najiuliza swali moja: maji ya kitu hiki yataenda wapi?

La pili ni ubaridi. Ulimi huonja kidogo zaidi kitu kikiwa baridi, kwa hiyo kilichokuwa na chumvi ya kutosha mezani kitakuwa kimepooza kikitoka kwenye friji. Onja kikiwa baridi, kisha ongeza chumvi au limau. Usionje asubuhi ukaridhika.

Hesabu kwanza

Kama mlo mkubwa unafuata, vipande vinne au vitano kwa kila mtu vinatosha. Ukizidisha, watu watafika mezani wameshiba na mpishi atakununia mpaka mwaka mpya. Kama hakuna mlo, ni vitafunwa na vinywaji jioni nzima, andaa 10 hadi 12 kwa mtu. Kwa wageni 20 wanaosubiri chakula hiyo ni vipande 100, nami nagawa kwa aina nne, 25 kila moja. Aina nne, basi. Wapo wanaoandaa aina tisa. Kila aina inakuwa na vipande kumi, wa kwanza kuingia anamaliza vile vizuri, na mwandaaji mwenyewe hajakaa chini tangu alfajiri.

Katika hizo nne napenda moja iwe ya mboga mbichi, moja ya jibini, moja yenye utamu na chumvi pamoja, na moja ya kuchovya. Na kila kipande kiingie mdomoni chote kwa mara moja. Kinachohitaji kung'atwa mara mbili kinahitaji sahani na leso, na mgeni ana mkono mmoja tu. Wa pili umeshika glasi.

Tango la kukunja

Naanza na tango kwa sababu ndilo fundi mzuri wa kukufundisha habari ya maji: takribani asilimia 95 ya uzito wake ni maji. Chagua matango mawili marefu na membamba. Manene yana mbegu nyingi, na kwenye mbegu ndiko maji yalikojazana.

Kwa kisu cha kumenyea, vuta tango kutoka ncha hadi ncha upate utepe mwembamba. Utepe wa kwanza ni ganda tupu, ule mwenyewe. Endelea mpaka uone mbegu, kisha geuza upande wa pili. Tandaza tepe zote kwenye kitambaa safi, nyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, subiri dakika 15. Tango litatoka jasho. Chumvi iliyo nje huvuta maji kutoka ndani ya chembe za tango, na utepe uliokuwa unavunjika sasa unakunjika bila kupasuka. Funika kwa kitambaa kingine, bonyeza kwa kiganja, umemaliza kazi ngumu.

Ndani yake weka jibini laini ya kupaka, gramu 200, uliyoitoa kwenye friji nusu saa kabla ili ilainike. Changanya na kiganja cha giligilani iliyokatwa ndogo sana, ganda la limau moja lililokwaruzwa (la njano tu, ukifika kwenye weupe ni uchungu), na pilipili manga. Chumvi usiongeze, tango limeshaibeba. Weka kijiko kidogo mwanzoni mwa utepe, kunja, simamisha. Utapata kama 25. Vinakaa friji saa tatu bila matatizo. Baada ya hapo tango linaanza kutoa maji upya.

Wifi yangu huniambia chumvi hiyo ni kupoteza muda. Mwambie akunje tango lisilotiwa chumvi halafu alitazame baada ya saa moja.

Kinyume chake ni karoti, seleri na figili za kuchovya. Hizi hutaki zilegee, unataka zilie mdomoni. Zikate vijiti asubuhi, zizamishe kwenye maji yenye barafu kwa nusu saa hadi saa moja. Hapa maji yanaingia badala ya kutoka: maji matupu yasiyo na chumvi hupenya kwenye chembe zilizolegea na kuzijaza mpaka zikakamae. Zitoe, zifute zikauke, zifungie kwenye chombo chenye kitambaa chepesi cha unyevu. Karoti iliyokuwa inapinda itarudi kuvunjika.

Tende

Kama ungeniruhusu kuandaa kitu kimoja tu, ningeandaa tende. Haina maji ya kukusumbua, haihitaji kijiti, inakaa, na watu wazima wanaosema hawapendi vitu vitamu huila wakidhani hawaonekani.

Chukua tende 24 kubwa na laini. Zile kavu zinazong'ang'ania kokwa ziache kwa siku nyingine. Pasua upande mmoja tu kwa urefu, toa kokwa, usifike chini. Pondaponda gramu 150 za jibini laini na ganda la nusu chungwa lililokwaruzwa. Ijaze kwenye mfuko safi wa plastiki, kata kona ndogo, kamua ndani ya kila tende. Kijiko pia kinafaa lakini kinachafua pande, na kwenye tende unadhifu unaonekana mno.

Mpaka hapa unaweza kufanya kazi yote siku moja kabla, ukafunika na kuweka kwenye friji. Lozi usiiweke bado. Ikilala usiku kucha ndani ya jibini inanyonya unyevu, na raha yote ya tende hii ni pale meno yanapotoka kwenye ulaini yakakutana na kitu kigumu. Dakika kumi kabla ya kupeleka, chomeka lozi moja juu ya kila tende, weka punje mbili za komamanga, na mwisho kabisa chembe chache za chumvi kubwakubwa. Chumvi hiyo usiikose. Bila chumvi hii ni peremende. Ukiiweka inakuwa kitafunwa cha mwanzo.

Kwa asiyetumia maziwa, badala ya jibini jaza siagi ya lozi au ya ufuta. Ni nzito zaidi, kwa hiyo jaza nusu.

Vya kwenye kijiti

Nyanya ndogo za mviringo, jibini ya mozzarella ya vidonge, jani la mrehani: nyekundu, nyeupe, kijani, na rangi za sikukuu zimejitokeza bila rangi ya chupa. Kila mtu anavijua, kwa hiyo nasema machache tu ambayo huachwa.

Nyanya ziwe ndogo kiasi cha kuingia nzima. Nyanya nzima haivuji. Iliyokatwa inavuja kuanzia dakika ya kwanza. Mozzarella huja ikiwa inaogelea kwenye maji yake, kwa hiyo ichuje na iache juu ya tishu za jikoni saa nzima. Mrehani usiingie kwenye friji, kwani baridi huugeuza mweusi. Usimamishe kwenye glasi ya maji juu ya meza kama maua. Nyanya nazo hupoteza harufu kwenye friji, zitoe mapema. Mafuta ya zeituni na chumvi viende mwisho kabisa, mgeni akiwa mlangoni.

Tikiti maji na jibini ya feta ni la hatari zaidi. Tikiti ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na feta imelala kwenye chumvi, kwa hiyo ukivikutanisha saa mbili kabla utapeleka mezani vijiti vilivyosimama kwenye dimbwi. Kata tikiti vipande vya mraba vya sentimita mbili na nusu asubuhi, vipange juu ya waya au chujio lililokaa juu ya trei, weka friji vichuruzike. Feta ikate pembeni. Nusu saa ya mwisho chomeka: feta chini, jani la nanaa katikati, tikiti juu. Kamulia ndimu kidogo. Feta huvunjika ukiichoma haraka. Zungusha kijiti polepole kikiingia.

Mkate na biskuti

Bila moto hakuna mkate wa kubanika, kwa hiyo tumia biskuti za chumvi au mkate mweusi mzito uliokatwa mraba. Mkate mweupe laini sahau. Ndani ya nusu saa unakuwa sponji.

Siri ni mafuta. Maji hayapiti kwenye mafuta kirahisi, kwa hiyo siagi au jibini ikipakwa mpaka ukingoni, bila kuacha pengo, huwa ukuta kati ya mkate na kilicho juu yake. Watu wengi hupaka katikati tu wakaacha pembe, na pembe ndizo huanza kulainika. Juu yake weka tuna ya kopo iliyokamuliwa vizuri, ikachanganywa na mayonezi ya chupa, limau, pilipili manga na kitunguu kilichokatwa chembechembe. Kitunguu hicho kiloweke kwanza kwenye maji baridi dakika kumi ukichuje, ule ukali unaokaa mdomoni jioni nzima utapungua sana. Mayonezi ya chupa nimeyataja kwa makusudi: ya kujitengenezea nyumbani yana yai bichi, na yai bichi kwenye meza ya saa mbili si mchezo.

Samaki wa moshi aliyekatwa nyembamba juu ya siagi na tone la limau anapendeza kuliko vyote, na hahitaji hata chumvi. Ila yule wa moshi baridi anayeuzwa kwenye friji hakupikwa. Anaweza kubeba bakteria wa listeria, ambao huendelea kuzaliana hata ndani ya friji, ndiyo maana wajawazito hushauriwa wasimle bila kupikwa. Tuna ya kopo ilishapikwa kwa joto ndani ya kopo, haina tatizo hilo. Kwa hiyo nikiandaa samaki wa moshi naandaa na wa kopo, sinia mbali mbali, na sisubiri mtu aulize.

Hapohapo niseme la samaki mbichi wa kulowekwa kwenye ndimu. Hajapikwa. Asidi ya ndimu hubadilisha nyama yake ikawa nyeupe na ngumu, ikafanana na iliyoiva, lakini haiui vimelea na bakteria kama moto unavyoua. Penye umati wenye wazee na watoto, mimi simuweki mezani.

Vya kuchovya

Maharage meupe ya kopo yalishaiva, yanasubiri kusagwa tu. Makopo mawili ya gramu 400 yakichujwa yanakupa karibu nusu kilo ya maharage. Yasuuze kwa maji mengi mpaka povu liishe. Kwenye blenda weka punje moja ya kitunguu saumu na maji ya limau moja na nusu, saga, acha dakika kumi. Kuchelewa huko kuna sababu: asidi hupunguza ukali wa saumu mbichi. Kisha ongeza maharage, vijiko vitatu vya mezani vya ufuta uliosagwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Blenda ikiendelea kuzunguka, mimina maji ya barafu kidogo kidogo, vijiko vitatu au vinne, mpaka rojo liwe jeupe na laini. Funika, weka friji mpaka kesho. Siku ya kupeleka, onja likiwa baridi. Karibu kila mara linadai limau zaidi. Mwaga kwenye bakuli pana lisilo na kina, chora mfereji kwa mgongo wa kijiko, jaza mafuta ya zeituni, nyunyiza ufuta.

Tafadhali usijaribu hili kwa maharage makavu yaliyolowekwa tu. Maharage mabichi yana sumu inayoitwa lektini, kali zaidi kwenye yale mekundu, na huvunjwa kwa kuchemshwa. Kopo ndilo linalokuruhusu kukwepa moto.

Mtindi mzito unahitaji subira tu. Kilo moja ya mtindi usiopunguzwa mafuta na usio na sukari, kijiko kimoja cha chai cha chumvi, koroga, mimina kwenye chujio lililotandikwa kitambaa chepesi, weka juu ya bakuli ndani ya friji. Baada ya saa 24 nusu au zaidi ya uzito wake itakuwa chini kwenye bakuli, na juu utabaki na kitu cha kupaka, kikali kidogo, ambacho watu wa Lebanoni na Syria hukiita labneh. Ukikiacha siku mbili kinakuwa kigumu cha kuvingirishwa. Paka mafuta viganjani, viringa vidonge vya ukubwa wa zabibu kubwa, gaagaza kimoja kwenye ufuta, kingine kwenye nanaa, kingine kwenye pilipili nyekundu ya unga. Nikipeleka sinia la vidonge hivi, swali linalofuata huwa nimevinunua wapi.

Tahadhari moja. Kuna anayependa kuvihifadhi kwenye mafuta yenye saumu mbichi. Kwenye friji kwa siku chache, sawa. Juu ya meza, hapana: saumu ndani ya mafuta hukosa hewa, na penye joto bila hewa ndipo bakteria wa botulini wanapotengeneza sumu yao, nayo haina harufu ya kukuonya.

Parachichi ni la siku hiyohiyo. Ponda, tia ndimu na chumvi, kisha lalisha karatasi ya plastiki juu kabisa ya uso wake bila kuacha hewa. Weusi unatokana na kimeng'enya cha parachichi kukutana na oksijeni. Ndimu hukizubaisha, plastiki humzuia mgeni asiyealikwa. Kokwa lililotupwa katikati ya bakuli halisaidii chochote zaidi ya pale lilipokaa. Najua bibi zetu wengine wataapa vinginevyo.

Supu ya kunywa kwa glasi ndogo

Hii ndiyo ninayoibana kwa ajili ya sikukuu za joto, na ndiyo inayowashangaza watu. Wahispania wa Andalusia huiita gazpacho. Ni mahali pekee katika maelezo haya ambapo maji ya nyanya ni rafiki.

Kilo moja ya nyanya zilizoiva kabisa, zile laini ambazo kwa kijiti hazifai. Nusu tango lililomenywa. Nusu pilipili hoho nyekundu. Nusu punje ya saumu. Gramu 50 za mkate mkavu wa jana. Vijiko viwili vya mezani vya siki. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Katakata, changanya vyote kwenye bakuli, acha nusu saa ili chumvi itoe maji na mkate uyanywe. Saga mpaka iwe laini. Blenda ikizunguka, mimina mililita 80 za mafuta ya zeituni taratibu, uone nyekundu ikigeuka rangi ya chungwa na kuwa nzito. Chuja, weka friji saa nne au usiku kucha. Onja, tia siki na chumvi tena. Inajaza glasi 18 hadi 20 za mililita 60. Jaza glasi dakika kumi kabla, weka tone la mafuta juu na jani dogo la mrehani. Usiweke barafu ndani, utaifanya maji ya nyanya.

Saa mbili za mezani

Chakula kinachoharibika kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili, na Shirika la Afya Duniani linashauri baridi ya kuhifadhia iwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Siku ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 32, hesabu saa moja. Jibini, samaki, mtindi na matunda yaliyokatwa vyote vimo humo.

Ndiyo maana sipeleki vyote kwa pamoja. Natumia masinia madogo, moja mezani na lingine likisubiri kwenye friji, na linapoisha nalibadilisha lote. Usirundike vipya juu ya vilivyobaki, maana vya chini vitakaa hapo tangu mgeni wa kwanza mpaka wa mwisho na hakuna atakayejua umri wake. Na kwa kuwa hakuna moto wa kukusafishia makosa, mikono, ubao na visu vioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza, na ubao uliokatiwa nyama mbichi jikoni usiazimwe hata kwa dakika moja. Mboga zioshwe kwa maji yanayotiririka, pamoja na tikiti kwa nje, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda mpaka ndani.

Watoto wadogo nao huhitaji sinia lao. Zabibu na nyanya ndogo kwa wa chini ya miaka mitano zipasuliwe kwa urefu, vipande vinne, kwani zikiwa nzima huziba koo sawasawa. Lozi nzima wasipewe. Vijiti vyenye ncha viondolewe. Na mbele ya kila sinia weka kikaratasi chenye maneno mawili matatu: lina lozi, lina ufuta, lina maziwa, lina samaki. Mgeni mwenye mzio asilazimike kuulizia mbele za watu.

Ratiba yangu

Siku mbili kabla: mtindi uingie kwenye chujio. Ni dakika tano, kisha usahau.

Siku moja kabla: maharage yasagwe, supu isagwe, tende zijazwe bila lozi. Hapo unahitaji blenda, na wifi huwa bado hajaitaka. Fanya maharage kwanza halafu supu; suuza kati yake.

Asubuhi: karoti kwenye maji ya barafu, tikiti kwenye waya, mozzarella kwenye tishu, vitunguu viloweshwe, vidonge vya mtindi viviringwe. Vyote vya kukata vikatwe kwa mkupuo mmoja, ubao uoshwe mara moja.

Saa mbili kabla: tango litiwe chumvi, likunjwe.

Nusu saa kabla: vijiti, mikate, parachichi. Jibini ngumu, kama ipo, itoke kwenye friji sasa ili harufu yake iamke.

Dakika kumi za mwisho: lozi, chumvi, mafuta, majani. Mtu wa kukusaidia akipatikana, mpe kazi hii, maana haiwezi kuharibika.

Vinavyobaki havifanani. Supu na rojo la maharage, kama vilibaki kwenye friji bila kufika mezani, vinakaa siku tatu. Tende hata zaidi kidogo, ingawa sijaona zikibaki. Tango na tikiti vilivyokwisha kuunganishwa usivitunze, havitakuwa na maana kesho. Na kilichokaa mezani kupita saa mbili, hata kikionekana kizima, kinakwenda kwenye ndoo ya taka.